CRM mbili, duka moja la vitambaa Lindi, na SMS ya bafta iliyoniamulia

Wakuu, salaam kwenu. Mnaotafuta mfumo wa wateja kwa ajili ya biashara, piteni hapa kwanza. Haya yamenikuta mwenyewe, sijahadithiwa. Mifumo yenyewe siitaji, sipigii mtu promo.

Nina duka la vitambaa hapa Mtanda, Lindi mjini. Khanga, vitenge, bafta. Nauza na mke wangu, Saada.

Tulipofungua tawi Mtama mambo yakaanza kuchanganyika. Mteja wa hapa akienda kule hajulikani. Sare ya harusi inaagizwa huku, kule inakatwa rangi nyingine.

Nikaona sasa ni CRM tu. Nikabaki na mbili kwenye trial.

Ya kwanza, tuiite A, ni tamu. Inajua nani kanunua nini, na SMS inatuma yenyewe bila wewe kugusa kitu. Jamaa aliyenifanyia demo kutoka Dar alinimaliza kabisa: "Bro, wewe lala, mfumo utakubembelezea wateja."

B imepooza. Inatunza jina na manunuzi, inakukumbusha, basi. SMS haitoki mpaka ubonyeze mwenyewe. Nikaiona ya kizamani.

Nikaingiza wateja wote kwenye A. (Saada alisema tuanze na wachache. Nikamwambia aniachie mambo ya teknolojia.)

Sasa kuna mama mmoja mtaani, Bi Somoe. Harusi za huku zinapita mkononi mwake. Yeye ndiye anayechagua sare, na akisema zichukuliwe kwangu, shughuli nzima inavaa kwangu. Akisusa, nabaki nayatazama majora yangu.

Mume wake akafariki, Allah amrehemu.

Shemeji yake akaja dukani kuchukua bafta ya sanda. Saada akamkatia, akaingiza kwenye mfumo kwa jina la Bi Somoe, kama tunavyofanya siku zote kwa nyumba ile. Mimi nikafunga duka, nikaenda kuzika.

Siku chache baadaye, Bi Somoe anakaa eda, simu yake ikapokea hii kutoka dukani kwangu:

"Hujambo Somoe! Umeifurahia bafta yako? Tupe nyota! Wahi nyingine kabla ofa haijaisha 🎉"

Someni tena taratibu.

Saada aliisikia sokoni kwenye samaki. Akarudi, kapu halina hata dagaa. Aliponieleza, aibu niliyoipata sikujua niiweke wapi.

Tukaenda kuomba radhi. Mwanamume huingii hivi hivi kwa mwanamke aliye kwenye eda, kwa hiyo Saada akaingia ndani, mimi nikabaki barazani naongea na pazia.

"Shikamoo Bi Somoe."

"Marahaba."

Nikaanza kujieleza. Kwamba si mimi, ni mfumo, unatuma wenyewe, haukujua kama ile ni sanda. Niliongea mpaka maneno yakaniishia.

Halafu akasema, wala hakuwa mkali:

"Baba, hiyo mashine yako sina ugomvi nayo. Haikuja kuzika. Wewe ulikuja."

Tukaaga, tukarudi dukani.

Nikampigia yule jamaa wa Dar, nikamuuliza mteja akinunua sanda mfumo unamwambiaje. Akafikiri kidogo, akasema wanaweza kuniwekea category ya misiba. Nikamshukuru, nikakata.

Niseme ukweli, A si mbaya. Ukiuza simu au redio, ichukue. Ila kwangu mimi bafta ileile mmoja anakwenda kushonea kanzu ya Idi, mwingine anakwenda kuzikia, na mfumo unachoona ni mita tu.

Nimelipia B, wateja wote nimewahamishia huko.

Nilichojifunza ni kwamba kwenye demo wote tunauliza mfumo unaweza kutuma nini. Mimi sikuuliza unanyamazaje.

Mnaotumia hizi CRM kwenye biashara zinazogusa misiba, mnafanyaje? Na mnaotaka kunisema, semeni tu, nasoma comments zote.

Ngoja nifungue duka. Harusi zimeshapita hapa mtaani, sare zimechukuliwa kwingine. Nikiwasha B kila asubuhi, jina la Bi Somoe liko juu kabisa: "Mteja huyu hajanunua kwa muda. Tuma ujumbe?"

Nabonyeza Hapana. Eda yake haijaisha.