Kumfuata Halima Chuoni

Niliondoka Isiolo kwa sababu dada yangu Sahra alitaka mwanawe arudishwe nyumbani. Halima alikuwa katika mwezi wake wa pili kwenye chuo cha uuguzi, upande wa Nyeri, na alikuwa amepiga simu akilia: ameanguka mtihani wa kwanza, masomo hayataki tena. Mimi ni mtu wa lori, na wiki ile nilikuwa na mbuzi wa kupeleka huko huko.

"Walaal, ndugu yangu, niletee mtoto wangu," Sahra aliniambia mlangoni kwake, mtaa wa Kiwanjani. "Uuguzi si lazima. Hata dukani kuna kazi."

Baada ya swala ya alfajiri nilishika barabara. Ukitoka mjini unaanza kupanda, na joto linabaki nyuma. Subuiga nilisimama kuwaangalia mbuzi, nikavaa koti. Timau mashamba ya ngano yalikuwa ndani ya ukungu, na mbuzi walikuwa wamebanana upande mmoja wa lori. Nanyuki nilipita tu. Njiani niliwaza mahali pa kuweka sanduku la Halima, basi. La kurudi kwake nililiona limeshaamuliwa.

Nyeri niliteremsha mbuzi sokoni, kisha nikaenda chuoni. Mlinzi aliniitia matroni wa bweni, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Nilimweleza nilichofuata. Hakubisha.

"Mtihani wenyewe unarudiwa Ijumaa," alisema. "Halima alifika wiki moja baada ya wenzake, akakosa siku za wanafunzi wageni kuonyeshwa mambo. Nilimwambia aje ofisini nimweleze. Hakuja."

Kuchelewa kwake nakujua. Kulikuwa na arusi ya binamu yake, na nyumbani hakuna aliyeona kuwa wiki moja ni kitu.

Kwenye chumba cha wageni Halima aliingia na sanduku, akisaidiwa kulibeba na Kananu, msichana wa Meru anayelala naye chumba kimoja.

"Salaam aleikum, abti." Kwetu Wasomali abti ndiye mjomba. Alikuwa amekonda.

"Aleikum salaam. Ni nini kigumu?"

"Mwalimu akifundisha, wote wanaandika. Wote wanajua, mimi peke yangu sijui."

"Umewauliza?"

"Naona haya."

Kananu aliweka chini upande wake wa sanduku. "Wote wanajua nini? Mimi pia nilianguka, Halima."

Halima alimgeukia. "Hukuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Jioni tukikaa kusoma, wewe unajifunika blanketi. Tulidhani hututaki."

Kisha Kananu alikaa juu ya sanduku, akafungua kitabu kwenye picha ya moyo. "Haya, damu inaingilia wapi?" Halima alionyesha kwa kidole. "Na inatokea wapi?" Hapo alikosea, akarekebishwa. Swali lililofuata alikosea Kananu mwenyewe, wakabishana. Hakuna aliyekuwa akiniangalia. Nilitoka nikatafute chakula.

Niliporudi, adhuhuri imepita, sanduku halikuwapo.

"Abti, ningoje mpaka Ijumaa," Halima aliniomba.

"Siwezi. Lori lina kazi."

Alifikiri. "Basi nenda. Nikianguka tena nitakuja mwenyewe."

Jioni nilifika Isiolo. Sahra alikuwa nje, na kabla ya kunisalimia alitazama kiti cha abiria.

"Umemwacha na nani?"

"Na wenzake."

Aliingia ndani bila kunikaribisha chai.

Mtihani wa Ijumaa Halima aliupita kwa shida. Kananu alianguka tena, wakaanza upya pamoja mpaka naye akapita. Sasa wote wako mwaka wa pili, na Sahra huwaambia majirani kwamba mwanawe anasomea udaktari. Nimeacha kumsahihisha.

Tulidhani tulimwandaa vizuri. Alikwenda na blanketi, ndoo, sweta na nyama kavu ya nyirinyiri ya kutosha. Hakuna aliyemwambia umuhimu wa kufika siku ya kwanza, au kwamba mwanafunzi mgeni anayeuliza haonekani mjinga. Tangu utotoni tulikuwa tumemfunza kuswali kwa wakati, kuheshimu wakubwa na kutosumbua watu. Hilo la mwisho ndilo nusura limrudishe nyumbani.