Siku Niliyompindua Mama Yake Nasimiyu

Naona aibu hata kusimulia, lakini afadhali mnisikie mimi kuliko watu wa Bungoma, maana huko wametia chumvi mpaka nimekuwa mchawi.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa na kacyber kangu Kitale, kaduka ka kompyuta na intaneti, na nilikuwa nampenda Nasimiyu (yeye hakujua, ama alijua akanyamaza, mpaka leo sijui). Mamake alikuwa ameaga, na familia ilikuwa inamfanyia ukumbusho kanisani kwao Bungoma, halafu jioni hiyo hiyo Nasimiyu aondoke kwenda kusoma ng'ambo. Akaniomba nitengeneze programu ya kuonyesha picha za mamake ukutani, jina na maneno yakipita chini. Nikajiambia, mambo yakienda sawa, leo namwambia.

Sasa, nilikuwa nimeunganisha maktaba mbili za michoro, zile programu watu huandika na kuachia kila mtu atumie bure, moja ya picha, nyingine ya maneno. Shida, kila moja ilikuja na klasi yake, yaani kipande cha programu, ya kusoma picha, jina ni lile lile, lakini moja husoma kuanzia juu na nyingine kuanzia chini, na kompyuta ikikuta zote mbili inachukua ile imetangulia. Dawa ilikuwa kuzitenganisha, kila moja ipewe jina lake, kazi ya asubuhi moja tu. Mimi nikaangalia kwa mashine yangu, mama amesimama vizuri, nikasema inatosha bana.

Kumbe kwa laptopu ya binamu yake Nasimiyu, ile tulitumia kanisani, faili zilijipanga vingine!

Mchungaji ameomba, mapazia yamefungwa, nabonyeza, mama huyo, kichwa chini, anatabasamu. Halafu dada ya marehemu akapiga nduru, "Wooi! Dada yangu mmemfanya nini?"

Mtu mwenye akili angezima. Mimi nikashika projekta nikaigeuza juu chini! Mama akasimama, watu wakapumua, ila maneno yaliyokuwa sawa sasa yakapinduka, na uso wenyewe umegeuka kama wa kwenye kioo. Dada ya marehemu akasogea, akakodoa macho. "Alama yake ilikuwa shavu la kushoto. Huyu sasa ni nani?"

"Kijana, zima," babake Nasimiyu akasema. "Zima kabisa." Katika ile haraka nikang'oa waya wote, na kipaza sauti cha mchungaji kikafa nao.

Nikaenda kujificha nyuma ya jikoni, kule moshi mwingi, ili machozi yapate kisingizio. Nasimiyu akanifuata na sahani ya ugali na kuku.

"Umekula?"

"Bado."

"Si unajua Mama angecheka? Angecheka mpaka akae chini." Macho yake yalikuwa mekundu lakini alikuwa anatabasamu. "Kwani ilikuwa nini?"

Marafiki zangu, aibu ya kanisani ilikuwa mchezo, mkasa wenyewe ni huu. Msichana amesimama mbele yangu, anasubiri, hakuna mtu karibu, na mimi nikaokota kijiti nikaanza kumchorea maktaba mbili kwa udongo, hii inasoma hivi, ile inasoma hivi, jina moja, sasa kompyuta itajuaje? Yeye "ehe," "ehe," akiangalia uso wangu, wala si mchoro. Gari la kumpeleka likapiga honi.

"Basi ni hayo tu ulitaka kuniambia?"

Nikajibu (Mungu anisamehe), "Kuna pia njia nyingine ya kuzitenganisha."

Akacheka kidogo, akaniachia sahani, akaenda.

Kesho yake nikarudi Kitale nikaifanya ile kazi ya asubuhi moja, na mama akasimama sawa kwa kila mashine, hakuna wa kumwangalia. Nasimiyu hajarudi. Ninamkumbuka, bana, hata nikiwa katikati ya wateja ninamkumbuka. Na nimeapa, siku akija kuniuliza tena ilikuwa nini, sitataja kompyuta.