Toleo la Bei Ghali

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minane, nauza nafaka sokoni, na nimewahi kulia kwa sababu ya mchezo wa video wa kandanda. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize.

Mashine ilikuwa ya ndugu yangu mdogo. Alipoenda Ghuba kufanya kazi ya ulinzi aliiacha nyumbani kwangu, mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, na masharti yake: nisiiweke karibu na jiko, nisimwazime mtu. Kabla hajasafiri alinifundisha kucheza, nikawa namchekesha kwa kupiga mpira nje. Miaka miwili baadaye mama yetu akafa. Ndugu yangu akaomba ruhusa, akaambiwa angoje wiki mbili. Mochari ilikuwa inakula pesa, wajomba walitaka kurudi kwa ng'ombe wao, na mimi, kifungua mimba, ndiye niliyesema tuzike Ijumaa hiyo. Alitazama mazishi kwa simu. Jeneza lilipoanza kushuka, mtandao ukakatika.

Baada ya hapo akanifungia simu na ujumbe. Karibu mwaka mzima sikumsikia. Kisha Ijumaa moja, siku yake ya mapumziko, niliwasha ile mashine nione kama vumbi halijaiua. Ikaleta mwaliko: ndugu yangu ananiita tucheze. Nilibonyeza. Alinifunga saba bila, na katika zile dakika zote alisema neno moja tu kwenye vifaa vya masikio.

"Siz, defender wako amelala."

Nilifurahi kama niliyepewa kikombe.

Lazima nieleze kwamba nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake jambo zito wakiangaliana. Mama alitupa habari ya kifo cha baba tukipukuchua mahindi, macho yake kwenye gunzi, na hakuna aliyeacha kupukuchua. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unapata njia. Basi zile Ijumaa tukicheza, ndugu yangu akaanza kuniuliza habari za mvua, za shamba la Subukia, za bei ya maharagwe. Miezi ikapita. Siku moja, mpira ukiwa kona, akasema, "Ijumaa ijayo nataka kukuuliza kitu kuhusu mathe. Hiyo siku yake ya mwisho."

"Uliza sasa."

"Ijumaa."

Nililijua swali. Jibu lake nilikuwa nalo kifuani tangu siku ile na lilikuwa linanila.

Jumatatu mashine ikaleta tangazo kwamba watengenezaji wamefunga njia ya kucheza mchezo wetu mtandaoni, kwa kuwa mpya umetoka. Mchezo tulikuwa tumeununua kwa pesa zetu halali, hatukukopa, hatukuiba. Mimi nikikuuzia debe la mahindi siji kwako mwakani kulitoa sufuriani kwa sababu mahindi mapya yamevunwa. Ndugu yangu akaandika kwenye mashine: "Nimechukua mpya. Chukua pia. Ijumaa jioni wanatuhamisha site ya jangwani, huko hakuna network. Sijui miezi mingapi." Kwa hiyo nilikuwa na Ijumaa moja.

Nikaenda town, kwa kijana anayeuza michezo hiyo.

"Mathe, diski inafika wiki ijayo," akaniambia. "Saa hii ni wale wamelipia premium pekee wanacheza."

"Premium ni mchezo mwingine?"

"Ni huo huo. Unafunguka wiki moja mapema, na unapewa jezi za ziada."

"Kwa hivyo nalipia wiki."

"Na jezi."

"Sitaki jezi, boss."

Bei ya hilo toleo la premium ilikuwa karibu mara mbili ya lile la kawaida, na halikuwa na diski. Lilinunuliwa kwa kadi ya kukwaruza, ndani ya duka la mashine yenyewe. Akaniuliza akaunti yangu ni ya wapi. Nikamwambia Section 58. Alicheka hadi akashika kaunta, kisha akanieleza kwamba nchi yetu haimo kwenye orodha ya lile duka, hivyo kila mtu hapa Nakuru huandika nchi nyingine. "Brother yako aliandika gani?" Sikujua. Nikasema Amerika, kwa sababu ndiyo nchi watu hupenda kutaja. Nilipofika nyumbani nikakwaruza, mashine ikakataa. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa mkazi wa Uingereza. Kadi iliyokwaruzwa hairudishwi. Nilinunua ya pili kwa pesa niliyoiweka ya kununulia magunia mawili ya maharagwe kutoka Subukia, na nikarudi nyumbani nikijitukana.

Alhamisi mashine ikasema imejaa, nifute kitu. Kitu kikubwa kilichokuwamo kilikuwa ule mchezo wetu wa zamani, wenye mechi zetu zote na ile saba bila. Nikaufuta. Ulichukua muda mfupi sana kufutika.

Ijumaa nilifunga kibanda mapema. Saa saba mchana mchezo ulikuwa umeshuka wote. Nikavaa vifaa vya masikio, nikaona jina la ndugu yangu lina alama ya kijani. Nikaufungua. Muziki ukalia, wachezaji wakapita wakipunga mikono, kisha maandishi yakatokea: mchezo una hitilafu, pakua marekebisho kwanza. Ulikuwa haujamaliza wiki duniani! Mimi nikiuza mahindi yaliyooza mteja ananitangaza soko zima. Hawa wanauza kilichooza kwa bei ya juu, halafu wananituma mimi ninunue bando ya kukitibu.

Asilimia nne.

"Uko?" akaandika.

"Naupdate. Ningoje."

"Mimi nilimaliza jana. Sawa, nangoja."

Ilipofika thelathini na moja bando ikaisha. Nikanunua nyingine, nikaenda kusimama mlangoni nikiinua simu juu, maana pale mtandao hupata nguvu kidogo. Jirani akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa hata kidogo. Nilikuwa nimeanza kumwomba Mungu, na nina hakika hajawahi kuombwa mambo ya asilimia.

Saa kumi nikamwandikia, "Niulize hapa hapa. Nitakujibu."

Akaandika, "Kuandika siwezi, siz."

"Basi nifungulie simu. Nitapiga."

Saa kumi na moja akaandika, "Bus imefika. Uko ngapi?"

"Sitini na nane."

"Sawa."

Ile alama ya kijani ikawa ya kijivu. Nililia kwa sauti, nikiwa nimeketi sakafuni na kidhibiti mapajani.

Saa kumi na mbili mchezo ukafunguka. Ulikuwa mzuri kweli, nyasi zinahesabika. Mashine ikaniuliza kama ningependa kucheza na yeyote aliyepo. Nilikubali, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimelipa. Akatokea mwanamume anayezungumza lugha nisiyoijua. Mpira ukaanza, mikono yangu ikaanza kazi, na maneno yakatoka bila kuniomba ruhusa.

Nikamwambia kwamba mathe alimuulizia ndugu yangu. Kwamba asubuhi ya siku yake ya mwisho aliuliza mara tatu, "Amefika?" na mara ya tatu nikamwambia amefika, yuko nje anaegesha gari, anaingia. Akatabasamu, akageuza uso mlangoni, akangoja hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikamwambia nilidanganya, na kwamba niliharakisha mazishi kwa sababu sikujua ningemwangalia vipi ndugu yangu usoni.

Yule mtu akasema "hello" mara mbili. Kisha akazima maikrofoni yake, akafunga bao.