Kaburi Langu Nyuma ya Nyumba

Tarehe tatu mwezi wa sita nilitoka gerezani Beni, na mama alikuwa amekwisha kufa. Nyumba ya kanisa inayopokea waliofunguliwa ilikuwa imejaa, kwa hiyo nilienda Butembo kuomba kulala kwa dada yangu.

Alisimama mlangoni. “Hapana ingia, yaya, mukubwa wangu. Tulishakulilia. Balituambia ulikufa mu prizo. Mama alizika mugomba fasi ya maiti yako. Ukilala humu na kaburi yako iko pale, batoto bataogopa.”

Akanipa jembe. Nikafukua peke yangu, kando ya kaburi la mama. Mgomba ulikuwa umeoza, umevikwa shati langu la kanisani, vifungo vyote vimefungwa. Nikautoa, nikafukia shimo. Dada alilichoma shati, kisha akanitandikia mkeka jikoni.