Mpira Ulioingia Msitu wa Tambiko

Nilipokuwa mtoto, katika kijiji chetu cha ujamaa kati ya Lushoto na Lukozi, uwanja wa mpira ulikuwa umeinama, kama kila kitu katika milima ya Usambara. Goli la juu lilitazama shule. Goli la chini lilitazama msitu wa tambiko, ambamo wazee peke yao waliingia, tena kwa siku maalumu. Mpira uliopita goli hilo haukusimama popote ila humo msituni.

Sidai kwamba msitu ule ulikuwa na uwezo wowote. Nasema tu kwamba tuliamini hivyo, na kwamba imani ile ilikuwa na matokeo. Bibi yetu mzaa baba alituonya kuwa kitu kikishaingia mle ni cha mizimu. Atakayekitoa, mikono yake haitatulia tena. Kwa hiyo hakuna mvulana aliyekubali kudaka goli la chini. Nafasi hiyo alipewa mdogo wangu Zuhura, mwenye miaka tisa, kwa hoja ya nahodha kwamba mtoto wa kike akipatwa na jambo, timu haipungui. Zuhura, kwa kuuogopa msitu, akajifunza kudaka kila kitu.

Kisha shule ikapata mpira wa ngozi, ulionunuliwa kwa kabichi za shamba letu la kujitegemea. “Hii ni mali ya kijiji kizima,” mwalimu mkuu alitutangazia mstarini. “Atakayeupoteza atajieleza mbele ya mkutano wa kijiji.”

Mimi nilikuwa kiranja wa stoo. Jumamosi moja mchana niliutoa mpira bila ruhusa, tukaenda uwanjani mimi na Zuhura tu.

“Piga, dada! Mbona unapiga kama unapalilia maharage?”

Nikapiga kwa hasira. Mpira ukapita juu ya mwamba wa goli, ukadunda mara mbili kwenye mteremko, ukamezwa na miti.

“Haya. Kaufuate,” alisema Zuhura. “Wewe ndiye uliyepiga.”

“Siwezi.”

Nilikaa chini nikalia. Nilikwisha kumwona baba akisimama mkutanoni kuniombea radhi. Zuhura alivua kandambili zake, akanikabidhi.

“Shika. Wasije wakasema nimeingia na viatu.”

Akaingia. Sijui alikaa mle kwa muda gani. Ushahidi wa mtoto anayelia kuhusu muda hauna thamani. Alitoka ameukumbatia mpira kifuani, kama anavyoukumbatia kipa.

Jioni Bibi aliona majani kwenye nywele zake.

“Umetoka wapi, Zuhura?”

“Msituni, Bibi. Nilifuata mpira.”

Bibi alichota maji kwa kata, akamnawisha mikono taratibu, akasema kwa Kishambaa, “Mikono hii haitatulia tena.” Nikakimbilia nje.

Zuhura alidaka shuleni, kisha katika klabu ya wanawake Dar es Salaam, na timu ya taifa ya wanawake ilipoundwa, goli likawa lake kwa miaka mingi. Kila alipovunjika kidole nilikumbuka maneno ya Bibi, mimi wakili, niliyewadai wengine uthibitisho kila siku.

Baada ya kustaafu alikuja kwangu. Alikuwa akimenya njegere kwa vidole vyake vilivyopinda, nikamwomba msamaha kwa laana niliyomsababishia. Alicheka mpaka njegere zikamwagika.

“Laana gani? Dada, na uwakili wako wote, siku ile ulitoroka kabla shahidi hajamaliza.”

“Alimalizaje?”

“Alisema, ‘Basi Mungu aipe kazi mikono hii.’ Halafu akanipa kiazi cha moto nikishike.”

Mahakamani ningeyapinga maneno yale yote. Mikono ya mwanamke gani wa Usambara iliwahi kutulia? Utabiri unaomfaa kila mtu hauthibitishi lolote. Wala siwezi kutenganisha kazi ya msitu na kazi ya mteremko, au ya dua na ya mazoezi. Lakini nimemshukuru Bibi, ingawa nimechelewa, kwa kulimalizia onyo lake kwa dua.

Yaliyo thabiti ni machache. Mimi nilipiga. Yeye aliingia. Mimi nikabaki nje nimeshika kandambili zake, na shukrani zangu zote zinaanzia hapo.