Chula Ndani ya Kompyuta Yetu

Nilizaliwa na kulelewa Mombasa, lakini kwetu ni Chula, kisiwa kidogo cha pwani ya kusini ya Somalia, na mama hakuniachia nafasi ya kulisahau hilo. Nilipohamia Kismayo kutengeneza kompyuta, kisiwa kikawa karibu na mama akawa mbali. Mjini alikuwapo dada yake, mama yangu mkubwa. Alinipa chumba nyumbani kwake, akanilisha kama aliyenizaa mwenyewe, ila habari za mama hakuuliza. Alisema tu, "Msalimie." Mama naye, nikimfikishia salamu hizo, hujibu, "Nisalimie." Hawakupigiana simu hata siku moja.

Vita vilipofika visiwani, mama alipanda mashua pamoja na majirani, wakakimbilia Kenya. Bibi alikataa kutoka nyumbani kwake, na mama mkubwa akabaki naye. Bibi alifariki mama akiwa katika kambi ya wakimbizi, na habari zilimfikia zikiwa zimeshapoa, kwa mdomo wa msafiri. Mama mkubwa aliona ameachiwa msiba peke yake. Mama aliona haya, na haya hiyo ikamfunga mdomo. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Walinyamaza tu, na kila mwaka uliopita ulizidi kufanya neno la kwanza liwe gumu.

Mimi sikuanza na mambo yao. Nilianza na ramani. Ramani ya kwenye simu ilikuwa ikigeuka kijivu kila intaneti ilipokatika, na hata ilipokuwapo, Chula ilikuwa doa tupu lenye jina juu yake. Nilikuwa na kompyuta ya mezani, kuukuu, iliyotoka katika ofisi iliyofungwa. Nikataka iwe na ramani yake yenyewe, ichorwe humo humo nyumbani. Kazi hiyo ni kuweka seva ya vigae. Ramani tunayoiona kwenye skrini si picha moja. Ni vipande vya mraba vilivyopangwa kama vigae vya sakafu, na seva ndiyo inayovichora na kuvitoa kila unaposogea au unapokuza.

Data za ramani hutolewa bure kwa yeyote anayezitaka. Nilishusha faili la Somalia nzima, nikaanza kuliingiza, na kompyuta ikaelemewa na kuzimika. Nikajaribu tena, ikazimika tena. Mwishowe nilikata ukanda wa pwani ya kusini peke yake, na huo ukaingia. Nilipofungua ramani kwa mara ya kwanza niliona barabara na majina yakielea juu ya buluu tupu, kana kwamba nchi yote imezama. Nilihangaika sana kabla ya kufahamu kwamba umbo la nchi kavu linakaa katika faili jingine, nalo sikulishusha. Nilipoliweka, ufuo ukatokea, na visiwa vikajipanga kwenye mstari wao kuelekea kusini.

Mama mkubwa alikuwa akiniletea chai kila alasiri. Siku hiyo hakuondoka. Aliuliza ile ni nini, nikamwambia ni Chula. Akavuta kiti.

Tangu hapo tukawa tunafanya kazi pamoja. Nilimwekea picha iliyopigwa kutoka angani, naye akawa ananionyesha kwa ncha ya kijiko: msikiti huu, kisima hiki, njia hii inashuka pwani, hapa zamani palikuwa na kiwanja cha kuundia mashua. Mimi nachora, yeye anataja majina. Mengine hayakuwahi kuandikwa na mtu, tukabishana hata namna ya kuyaandika. Alicheka sana siku hizo. Sikujua kwamba alikuwa na kicheko cha namna ile.

Alasiri moja aliuliza, "Hii inaonekana na nani?"

Nikamwambia haionekani na mtu ila sisi, kwa sababu imo ndani ya kompyuta yetu na sijaifungulia mlango wa nje. Kama tungeandika katika ramani ya watu wote, dunia nzima ingesoma.

Kisha akaweka kidole penye vichaka, nyuma ya nyumba za mwisho.

"Bibi yako yuko hapa," alisema. "Kuna mawe ya matumbawe, hakuna maandishi. Mimi nikifa, hakuna mtu atakayepajua."

Niliweka alama pale. Tukatazama, na alama haikutokea. Mama mkubwa aliinua uso akaniangalia, na niliona amedhani kwamba mashine imekataa. Kumbe seva huhifadhi vigae ilivyokwisha kuvichora, na ilikuwa inatuonyesha kile cha zamani. Nikakifuta ili ichore upya. Kigae kikarudi kikiwa na alama ndogo ya kijani kati ya vichaka. Alisoma Fatiha pale pale, mbele ya skrini, mikono ameikunjua.

Nilimuuliza kama naweza kumwonyesha mama.

"Akitaka, aniulize mwenyewe."

Nilimpigia mama, nikamweleza yote, nikampa na namba ya dada yake. Alisikiliza, kisha akasema ana chungu jikoni, akakata simu. Siku kadhaa hakupokea simu zangu, nami nikajilaumu kwa kuingilia kati ya dada wawili.

Halafu asubuhi moja simu ya mama mkubwa ililia tukiwa mezani. Namba hakuijua, akaitika kwa Kisomali. Mara akageukia Kibajuni, lugha ya kwetu, kwa sauti ya chini, sauti ambayo mtu humpa mdogo wake. Nilichukua kikombe changu nikatoka uani. Nilivyomsikia kwa mbali, hakusema mengi. Alisikiliza zaidi, na mara moja tu nikamsikia akisema, "Ulikuwa mdogo. Ungefanya nini?"

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Mfungulie."

Haikuwa rahisi, maana laini yetu ya nyumbani haimruhusu mtu wa nje kuingia. Ilibidi nipitishe njia kupitia mashine ya kukodi iliyoko ng'ambo, nikaweka na neno la siri. Kisha tukampigia mama, yeye ameshika mkononi simu nyingine ya kutazamia ramani.

Vigae vilimfikia polepole. "Naona bahari tu," alisema. Tukangoja. "Kimekuja kipande. Huu ni msikiti?" Mama mkubwa akamwambia ndio, shuka sasa, pita kisima. Alimwongoza hivyo kwa sauti, njia kwa njia, hadi kwenye nyumba za mwisho. Kisha akasema ameiona alama ya kijani.

"Ulimwosha wewe?" mama aliuliza.

"Mimi na wanawake wawili wa jirani," dada yake akajibu. "Alikuwa mwepesi. Na alikutaja kwa wema, mpaka mwisho."

Mama alilia, na mama mkubwa akamngoja amalize. Mimi nilijishughulisha na nyaya.

Sasa wanazungumza wenyewe, na salamu hazipiti kwangu tena. Mara nyingine wanagombana kuhusu kisima kipi kilikuwa na maji matamu, nami naitwa nikirekebishe kwenye ramani, kisha naitwa tena nikirudishe. Mama anasema atakuja mambo yakitulia, na mama mkubwa anamjibu asikae mno akifikiri.

Juzi mama mkubwa aliingia na mwanamke mmoja wa mtaani ambaye watu wake wanatoka Chovai, kisiwa jirani na chetu. Mgeni alisimama mlangoni, akauliza kama ni kweli kwamba ramani yetu haionekani na kila mtu. Nikamwambia ni kweli. Mama mkubwa akamvutia kiti.