Leo Kola, Wiki Ijayo Mkono

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Vibarua wamelipwa na mtaa umechangamka. Hatua chache kabla ya baa, katika chumba chembamba chenye cherehani moja, mama wa miaka hamsini na minne ameketi mlangoni, miwani imefungwa kwa uzi. Anawavizia wateja wake wasipitilize.

Wanamwita Mama Kipande, kwa sababu hashoni sare ya shule kwa mkupuo. Mzazi akileta kidogo, anashona kidogo: leo kola, wiki ijayo mkono. Vipande hutundikwa ukutani, kila msumari na jina la mtoto. Mwaka huu misumari imefika arobaini na mitatu.

"Watu wetu si wavivu, wanapata," anasema. "Ila pesa haikai nao. Sasa mkono wa shati, utaunywa?"

Hasemi kwa dharau. Mganga hajigangi: miaka sita iliyopita, mwanawe mwenyewe alikaa nyumbani wiki tatu kwa kukosa sare.

"Pesa ya kitambaa nilinunulia redio," anakiri. "Mtoto wa fundi! Niliona aibu, siku zile sikuiwasha hata mara moja."

Anaingia fundi mwashi, vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na sare ya bintiye imebakiza mkono mmoja tu. Lakini hakuja kulipia. Anataka arudishiwe alichokwisha kutoa, kwani jamaa zake wanamsubiri baa na leo ni zamu yake kununua.

"Nisitiri, dada. Ponda mali, kufa kwaja."

"Kufa kwaja, kaka, na Jumatatu nayo yaja."

Habishani zaidi. Anatungua shati na kumkabidhi. "Pesa yako hii hapa. Nenda nayo ukawanunulie."

Mwashi analigeuzageuza. Anajaribu kupitisha ngumi yake kwenye mkono mdogo uliokwisha kushonwa, haipiti. Wapita njia wanacheka, yeye hacheki. Anaweka noti juu ya meza.

"Malizia. Nasubiri hapahapa."

Baada ya nusu saa anaondoka na sare kamili kwapani, na anavuka barabara ili asipite mbele ya baa. Mwandishi wa makala haya alitamani kupiga makofi.

Mama Kipande anafagia vitambaa na kueleza ndoto yake. Anataka siku moja mzazi aje na pesa yote, aliyoiweka mwenyewe.

Haogopi kukosa kazi hii ya vipande?

"Nikose tu! Wakijua kujiwekea, mimi nitashona magauni ya harusi. Nimechoka kuvizia watu mlangoni kama—"

Hajamaliza, mwashi amerudi, anahema. Ameshika noti nyingine, imekunjwa ndogo kabisa.

"Dada, hii ianzie kola ya mwakani," anasema, akiiweka haraka kabla hajabadili mawazo. "Ikate kubwa kidogo. Anakua yule."